Nansio Amefika, Nansio Ameondoka

Jumatatu, 9 Machi 1998

Mvua tangu alfajiri. Simu zote tatu za ofisi zimeshikwa na hakuna mtu anayezungumza. Nimeinua ya kwanza: mlio wa modemu. Ya pili: mlio wa modemu. Ya tatu nimeikuta mkononi mwa Mkurugenzi, Mzee Luhaga, aliyekuwa akisikiliza mlio uleule. Amenitazama kama vile mimi ndiye ninayelia humo ndani.

Tatizo nalijua. Kampuni yetu inasindika minofu ya sangara hapa Mwanza na ina vituo vitatu vya kununulia samaki: Musoma, Bukoba na Nansio kule Ukerewe. Kila kituo kina kompyuta na modemu, kifaa cha kuiunganisha na simu. Karani akitaka kuleta habari za samaki wake, kompyuta inapiga simu hapa, inasema yake, inakata. Anayezipokea ni ruta, kisanduku cheusi kilicho chini ya meza yangu, kinachojua njia ya kufikia kila kompyuta. Hadi hapo ni maendeleo matupu.

Lakini ruta hii ni mmbea. Nansio akiingia tu, inataka dunia nzima ijue: Nansio amefika, njia yake hii hapa. Akikata: Nansio ameondoka. Na kwa kuwa Bukoba hayuko kwenye simu, inampigia ili kumwambia. Bukoba akipokea, basi Bukoba naye amefika, na Musoma hana budi kuambiwa. Musoma akiambiwa, naye amefika! Hapo ongeza mvua hizi zinazokata nyaya kila saa. Mtu anafika na kuondoka mara kumi kabla sijanywa chai, na kila mara majirani wanaamshwa.

Matokeo yake mnunuzi wetu wa Uholanzi anapiga simu tangu Ijumaa na haipiti. Mzee Luhaga amenguruma. Amesema alikaa ushirika wa pamba miaka yake yote, kabla ya biashara kuwa huria, na simu ilikuwa moja, ya kuzungusha kwa mkono, nayo ilikuwa inapita. Ametuita mimi na Selina Aluoch. Jumamosi ndege inakuja kubeba samaki. Atakayeinyamazisha mitambo kabla ya siku hiyo atakuwa Mkuu wa Mawasiliano na atapewa chumba chenye dirisha la kutazama ziwa. Mwingine atahamia Nansio, ambako karani anahitaji msaidizi.

Selina ni mtu wa Shirati. Amesomea kompyuta Nairobi, na ana namna ya kulisema hilo bila kulisema. Mimi nilisoma Dar, wiki sita, cheti ninacho. Yeye amejibu sawa, Mzee, akarudi mezani kwake. Simpendi mtu anayesema sawa haraka hivyo.

Sasa jambo ambalo siwezi kuliandika pengine isipokuwa humu. Nyumbani, mimi tayari ni Mkuu wa Mawasiliano. Tangu Krismasi. Mke wangu Dorotea alikuwa amenuna siku hiyo, nikatafuta la kumfurahisha, likatoka hilo. Akafurahi mno. Akawaandikia kwao Magu. Na juzi mama yake amekuja na kuku wawili kumwona mkwe mwenye cheo.

Nansio siendi.

Jumanne, 10 Machi

Nimeamka na ratiba. Musoma asubuhi, Nansio mchana, Bukoba jioni. Asiye na zamu haruhusiwi kupiga. Mtu asiyefika, ruta itamtangaza vipi? Rahisi kabisa. Nashangaa huko Nairobi wanafundisha nini.

Kikwazo kimoja: kuwaarifu wenyewe. Lazima kwa simu, na simu zimeshikwa. Paskazia wa mapokezi amehangaika hadi saa nne ndipo akampata Odongo, karani wa Musoma. Odongo ni mtu wa adabu. Hapokei amri kabla hajauliza habari za nyumbani, za mama watoto, za mvua na za ziwa. Alipokwisha kuelewa ratiba akauliza kama laini ikikatika katikati ya zamu yake anaruhusiwa kupiga tena. Nimesema hapana. Baada ya muda mfupi kapiga tena kuuliza kama hapana ile inaanza leo au kesho.

Kisha Odongo, kwa wema wake, akampigia Bukoba kumwambia kuna sheria mpya. Bukoba akapiga hapa kutaka kuisikia sheria kutoka makao makuu. Yakobo, karani wa Nansio, akapiga kuuliza kwa nini yeye awe wa mwisho kuambiwa, au ni kwa sababu yuko kisiwani. Nikambembeleza. Toka hapo kila mmoja akawa anapiga kabla ya zamu yake ili kuuliza kama zamu yake imefika.

Saa nane Mzee Luhaga ametoka chumbani mwake. Ameuliza kwa upole, upole mbaya, ni nani aliyetunga ratiba. Selina ametazama dari. Nimesema ilikuwa majaribio. Ratiba imefutwa. Kuifuta kumehitaji kuwapigia wote watatu tena, na Odongo ameanza upya na habari za nyumbani.

Nyumbani kwangu Mkolani nako hakuna raha. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni, na jina lake silitaji, hata humu. Ni heshima nzuri kwa mwenye nyumba ya vyumba sita. Mimi nina viwili na sebule. Basi nikifika nakohoa mlangoni, Dorotea anatangaza baba anaingia, mama mkwe anahamia jikoni uani. Nikienda msalani Dorotea anatangaza baba ametoka, mama mkwe anarudi kumalizia chai. Nikirudi, baba anaingia. Leo nilisahau sabuni, nikarudi. Kisha nikasahau taulo. Chai ya mama mkwe imepoa mara nne. Dorotea amesema hakuolewa ili awe kengele.

Jumatano, 11 Machi

Nimewahi ofisini na mpango wa kiume. Nimeingia chini ya meza na kuchomoa waya wa Nansio kwenye modemu. Mtu akipiga asipate kitu, atachoka mwenyewe. Kimya kikatanda papo hapo. Nilikuwa bado magotini nikikisikiliza kile kimya kwa furaha niliposikia mlango wa Mkurugenzi ukifunguliwa kwa teke.

Haukuwa waya wa Nansio. Ulikuwa wake. Na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Mzee alikuwa amempata Mholanzi. Walikuwa wamefikia habari za tani ngapi.

Nimesema ni panya. Nimesema nilikuwa chini ya meza nikimfukuza. Mzee ameagiza paka aletwe, na kabla ya saa sita tukawa na paka, wa kijivu, mwenye dharau, amekwenda moja kwa moja kulala juu ya ruta kwa sababu ina joto. Selina ameuliza kama panya alitumia meno au bisibisi.

Mchana nimepata bahati. Nilikuwa napita karibu na mlango wa Mkurugenzi, karibu sana, nikamsikia Selina akimweleza mpango wake. Amesema vituo vyote vipewe namba za ukoo mmoja. Halafu ruta iamriwe itangaze jambo moja tu, mara moja: ukoo wa vituo uko kwangu. Majirani wakishajua ukoo unaishi wapi, hawana haja ya kuambiwa kila mtoto anapotoka kuchota maji na anaporudi. Mzee amecheka, amesema hilo hata yeye analielewa. Selina akaendelea kwamba hiyo ndiyo nusu ya kwanza, na nusu ya pili ni huku ndani, ambako ni lazima... Hapo Paskazia akatokea na sinia la chai na kuniuliza natafuta nini. Nimejibu nakagua bawaba za mlango. Nikalazimika kuzikagua hadi mlango wa tatu.

Nimerudi nyumbani na uchungu. Wazo zuri, na si langu. Nimekohoa mlangoni. Kimya. Nimekohoa tena. Dorotea amesema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba niingie tu, matangazo yamekwisha. Amemwagiza mama yake ahesabu kwamba mimi nipo sebuleni wakati wote, niwepo nisiwepo. Mama atumie jikoni, uani na mlango wa nyuma. Hakuna tena baba ameingia, baba ametoka.

Nimesimama palepale na kofia mkononi. Niwepo nisiwepo! Tangazo moja, na nyumba nzima imetulia. Sasa nani atasema wazo ni la Selina? Limezaliwa nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu. Yeye kalifikia kwa njia yake, mimi kwa yangu. Na mimi nina funguo za ofisi.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefika ofisini kabla hata mlinzi hajavua koti lake la mvua. Nimemwondoa paka. Nimekaa. Namba za ukoo nilizikuta Selina amekwisha zigawa jana jioni, na vituo amekwisha viarifu, kwa hiyo sehemu ya kuchosha ilikuwa tayari. Nimeiamuru ruta itangaze mara moja kwamba vituo vyote viko hapa, siku zote, niwepo nisiwepo. Kisha nikakuta humo ndani orodha ya namba za simu za vituo, ambayo ruta inaitumia kuwapigia. Nikasema ndiyo hii, chanzo cha umbea wote. Mmbea asiye na namba za watu atampigia nani? Nimeifuta.

Kimya. Saa mbili, kimya. Saa tatu Nansio ameingia, ameleta habari za samaki wake, ameondoka, na hakuna aliyeamshwa. Musoma vilevile. Mvua inanyesha, laini zinakatika, ruta imefumba mdomo. Saa nne na nusu simu ya Mkurugenzi imelia na alikuwa Mholanzi mwenyewe. Mzee ameongea mpaka sauti ikamkauka. Ametoka na kunishika mkono mbele ya watu wote, kwa mikono miwili. Mkuu wa Mawasiliano ni mimi.

Nimefurahi mno. Siku sabini na ushee nimebeba uongo ule kama gunia la chumvi, na leo umegeuka kuwa kweli. Uongo ukigeuka kweli, ulikuwa uongo? Sidhani.

Selina alifika akakuta mambo yamekwisha. Ametazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi. Ameuliza kama nimeiacha orodha ya simu huko ndani. Nimemwambia bila shaka. Sikupenda alivyouliza, na sikutaka kuharibu siku kwa maelezo.

Nyumbani nimekuta jirani yangu Shimba, fundi seremala, amenuna barazani kwake. Kumbe alikuja mchana kunitafuta. Dorotea alikuwa sokoni. Mama mkwe akajibu kutoka jikoni kwamba nipo sebuleni. Shimba akaingia, akakaa mbele ya kiti changu kitupu akinisubiri, saa nzima na zaidi, akaondoka akisema nina majivuno ya cheo. Watu wengine wana hasira za karibu. Si angeangalia kiti?

Ijumaa, 13 Machi

Chumba chenye dirisha ni changu. Ziwa linaonekana, kipande, kati ya ghala na tangi la maji. Nimeketi nalitazama.

Mzee ameniletea kazi ya kwanza ya ukuu wangu. Mholanzi anataka samaki zaidi ya walioko kiwandani. Nansio wako wengi. Yakobo aambiwe azuie samaki wote wa leo, awaweke kwenye barafu, boti iondoke usiku ili kesho asubuhi iwe mwaloni Kirumba, pale boti zinaposhusha samaki, kabla ya ndege kutua. Mzee alitaka Paskazia apige simu ya kawaida. Nimekataa, kwa heshima. Nimemuuliza mitambo tumeinunulia nini. Nimeandika ujumbe mwenyewe, nimeutuma, na kompyuta imejibu palepale: Nansio yupo, ujumbe umetumwa. Nimemchapia karatasi, akaisoma mara mbili na kuniita kijana wa kisasa.

Selina amekuja kusimama mlangoni. Ameuliza kama Yakobo amejibu. Nimemwambia mtu aliyepo hana haja ya kupiga kelele kwamba yupo, na hilo ndilo tatizo tulilolimaliza jana. Ameuliza kama nimeijaribu njia ya kwenda, si ya kuja tu. Amesema jana vituo vyote vilipiga kuja hapa, lakini tangu hapo yeye hajaona ruta ikimpigia mtu hata mmoja. Nimejibu kwamba hiyo ndiyo raha yake. Ameondoka. Wivu ni ugonjwa.

Dorotea amechinja kuku mmoja wa mama yake. Nimemwambia leo nimeshika cheo rasmi. Akauliza, rasmi vipi, na ile ya Krismasi? Nikasema ile ilikuwa ya kukaimu. Ameinama kuchochea moto. Jikoni nimesikia mama mkwe akikohoa, au akicheka, sikujua.

Jumamosi, 14 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mwaloni na lori mbili. Ziwa jeupe kwa mvua. Hakuna boti. Saa nne hakuna boti. Dereva wa lori ameniuliza kama nina hakika walitumwa, nikamwonyesha karatasi: Nansio yupo. Akasema basi wako njiani. Saa sita tumeona boti, tukapunga mikono yote. Ilikuwa ya mananasi.

Ndege imetua saa saba. Mzee Luhaga alikuwa uwanjani amevaa suti. Nimemweleza kwamba boti imechelewa kwa upepo. Hakukuwa na upepo. Nilisema tu, mdomo wangu una tabia hiyo. Tumepakia samaki wa kiwandani, wakaishia katikati ya ndege, na rubani akawa anachungulia saa yake na ile nafasi tupu.

Saa tisa Paskazia amepata Nansio kwa simu ya kawaida, na Mzee ameichukua mwenyewe. Nilisimama karibu, nikasikia sauti ya Yakobo kama nzi ndani ya chupa. Alhamisi usiku radi ilipiga transfoma. Nansio yote haina umeme, kompyuta imezimwa tangu hapo. Hajapata ujumbe wowote. Ndege gani? Alikuwa na samaki wazuri mno jana, wengi mpaka akakosa pa kuwaweka, na kwa kuwa Mwanza walikuwa kimya amewaachia wachuuzi asubuhi hii. Wameshapanda motoni, wanakaushwa. Wavuvi wake wamelalamika bei, na yeye ameaibika mbele yao.

Mzee ametoa ile karatasi mfukoni. Ameisoma tena: Nansio yupo. Ameniuliza, kwa ule upole wake mbaya, mtu aliye gizani, mtambo umezimwa, amekuwaje yupo. Nimejibu kwamba kwa kusema kweli kabisa, uliokuwepo ni ukoo. Akaikunja karatasi ikawa ndogo sana. Ndege imeruka nusu tupu na ujumbe wangu sijui uko wapi, kwa sababu ruta yangu iliupokea kwa niaba ya ukoo, haikukuta mtu, haina namba ya kupiga, ikautupa.

Tumerudi ofisini. Selina ameketi kwenye kiti changu bila kuniomba. Tangazo moja la ukoo ameliacha lilivyo. Ameirudisha orodha ya simu, ili nje watangaziwe ukoo tu, na huku ndani ruta ijue ni mtoto gani yupo, nani hayupo, na nani apigiwe. Asiyepatikana, ujumbe wake urudi na kusema hapatikani. Ndiyo hiyo nusu ya pili. Kazi fupi mno, inaudhi. Alipomaliza amenigeukia na kuniambia, kaka Ngosha, siku nyingine ukisikiliza mlangoni, vumilia hadi chai inywewe. Kumbe alijua. Alijua tangu Jumatano.

Mkuu wa Mawasiliano ni Selina Aluoch. Mimi napanda meli ya Nansio Jumanne. Mzee hakufoka. Ningependa angefoka.

Jumapili, 15 Machi

Misa sikuisikia. Nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kusema nimepandishwa tena, kwamba ukuu wa Mwanza ni mdogo, nimepewa kisiwa kizima. Tumerudi, tumeketi, nimekohoa, nimeanza. Dorotea ameweka kikombe chini na kusema nisiendelee.

Anajua. Anajua tangu Januari. Ile siku niliposhikwa na malaria alikwenda kwenye simu ya dukani, akapiga ofisini kusema Mkuu wa Mawasiliano anaumwa leo, na Paskazia akamuuliza kwa mshangao, mkuu yupi, mama? Akajibu amekosea namba. Tangu siku hiyo amenyamaza. Aliposikia majirani wakiniita Mkuu aliitikia. Nilipomwambia habari ya kukaimu aliinama motoni ili nisimwone uso. Amesema hakuona aibu kwa kuwa sina cheo. Ameona uchungu kwa kuwa nilidhani bila cheo hatanitaka.

Nimeona aibu, naandika hivyo bila kuipamba. Nimetokwa na machozi kidogo, nikasema ni moshi, na jiko lilikuwa limezimwa.

Na mama yake? Mama yake alikuja akijua. Dorotea alikuwa amemwandikia yote. Alikuja kuona mkwe wake ni mtu wa namna gani anapobeba mzigo usiokuwa wake. Jioni ametuma neno kutoka jikoni, Dorotea amelileta kama lilivyo: binti yake alimwoza kwa Ngosha, hakumwoza kwa Mkuu, na Ngosha huyo huyo bado anamfaa. Tena amesema nile, yule kuku wa pili asipotee bure.

Nimekula. Nimemwahidi Dorotea kwamba nimeachana na uongo, wa kazini na wa nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, nimeipima kwa miguu yangu. Nansio nitakwenda kama nilivyo, msaidizi wa karani. Yeye atanifuata Jumamosi. Leo nitalala mwepesi, sijalala hivyo tangu Krismasi.

Jumatano, 18 Machi. Nansio

Nimefika jana jioni. Yakobo alikuja gatini na mwavuli, amevaa tai. Baada ya salamu ameomba radhi kwa lile giza, halafu akauliza nimekuja kwa cheo gani ili wanipe heshima inayostahili. Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi melini. Lakini mwavuli ule, na ile tai, na wabeba mizigo wamesimama wanasikiliza. Mdomo ukajisemea: Mkaguzi wa Kanda.

Si uongo hasa. Nitakagua.

Umeme umerudi. Kompyuta yao ni nzima. Leo asubuhi Yakobo ameniuliza kama anaweza kuwaarifu wenzake kwamba Mkaguzi amefika. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba wakitaka kujua, wajue. Akampigia Odongo, kupitia Mwanza, maana simu zote za kisiwani hupita huko. Odongo akampigia Bukoba. Bukoba akapiga Nansio kuhakikisha, kisha Odongo akapiga Nansio kunisalimu, na akaulizia habari za nyumbani, za ziwa na za safari. Mtu mwema sana. Nilipotoka kwenda kula Yakobo ameuliza wakinipigia aseme nini. Nimemwambia si vibaya wakajulishwa mapema, wasije wakapiga bure. Basi amewapigia kwamba Mkaguzi ametoka, na niliporudi kwamba Mkaguzi amerudi. Kazi yenye utaratibu inapendeza. Mwanza hatukuwa na utaratibu kama huu.

Jioni Paskazia amepata laini kwa shida. Mzee Luhaga anawaka. Mholanzi anapiga tangu asubuhi haipiti, vituo vyote vinatumika, yeye mwenyewe amejaribu Nansio siku nzima, kuna nini? Nimemwambia amweleze Mzee, kwa heshima zangu zote, kwamba nilitarajia haya. Ukuu ameshika Selina siku nne tu na simu za kampuni tayari hazipitiki.

Dorotea anafika Jumamosi. Yakobo amekwisha waambia akina mama wa parokia waje gatini kumpokea mke wa Mkaguzi, na wanafanya mazoezi ya wimbo. Nimefikiria sana. Nitamwambia huku ndivyo wanavyomwita kila mgeni anayetoka Mwanza.